Kuuza na kununua kwa telefone Masisi na Walikale: pesa isitangulie macho

Mutu wa Nyabiondo anayetafuta plake ya sola hana tena lazima ya kushuka Goma na kuzunguka Birere butike kwa butike. Picha inapita ndani ya grupu ya WhatsApp ao kwenye Facebook, bei imeandikwa, nimero iko chini. Vilevile mukulima wa Kitchanga anaonyesha magunia yake ya maharagi, na mutu wa Walikale anaonyesha bidoni zake za mafuta ya mawese. Soko hili halina mukubwa wa soko, halina ushuru, halina hata mulinzi. Aliyefungua grupu mara nyingi hajui nusu ya watu walio ndani yake.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Katika inchi zingine, masoko makubwa ya intaneti yanashika pesa ya mununuzi mpaka kitu kifike. Huku kwetu, WhatsApp na Facebook zinaonyesha picha tu. Malipo yanapitia M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na ile pesa inatoka moja kwa moja kwa mutu inaenda kwa mutu, sawa vile ungemupa kwa mukono. M-Pesa iko Kongo tangu mwaka 2012, lakini mpaka leo kuna watu wanaoamini kwamba mutandao utawarudishia pesa kama muuzaji ni muongo. Hapana. Katikati ya wewe na muuzaji hakuna mutu. Yule mutu wa katikati, inabidi umutafute wewe mwenyewe.

Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, pesa ya telefone imekuwa benki ya watu wengi. Pesa ya mukono ilikuwa ngumu kupatikana, na wenye kutoa pesa wakapandisha asilimia yao. Kwa hiyo, kabla ya kukubaliana bei, ulizeni waziwazi: nani atalipa gharama ya kutoa? Dola 50 kwenye telefone siyo dola 50 ndani ya mukono, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Macho ya kwanza

Kama una ndugu Goma, ao mufanyabiashara unayemujua, yeye ndiye mutu wako wa katikati. Aende muchana, mahali penye watu, aone kitu, akiwashe, akishike. Kwa telefone, aandike *#06# ili nimero ya IMEI itokee, kisha ailinganishe na ile iliyo kwenye kartoni. Zikikuwa tofauti, arudi nyumbani. Kwa pikipiki, aombe karte roze, na aangalie kama nimero ya shasi iliyo kwenye karatasi ndiyo ile iliyochongwa kwenye chuma. Akishakupigia na kusema « ni sawa », ndipo unatuma.

Kama huna mutu Goma, omba picha ambayo haiwezi kuchukuliwa kwa mwingine: muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye kipande cha karatasi, akiweke kando ya kitu, apige picha. Ni kazi ya dakika mbili. Mwenye kitu kweli hatakasirika. Mwenye picha ya kuiba atakuambia telefone yake imekosa moto.

Wadanganyifu wana maneno yao, na hayabadiliki sana. Bei iko chini kuliko ya wote. Kuna haraka: « Mama, kuna mutu mwingine anakuja kukichukua saa hii, tuma tu nusu nikuwekee. » Ukituma nusu, kesho yake kunatokea gharama mupya, ya kupakia ao ya barrière, na kitu hakifiki. Nusu ya kwanza ndiyo iliyokuwa biashara yake yote.

Barabara nayo inaingia katika bei

Kitu kinaweza kuwa cha kweli, muuzaji akawa mwaminifu, na bado usikipate. Kutoka Goma kwenda Masisi kuna njia ya Sake. Walikale inafikiwa kwa barabara ya taifa nambari 3 ya Hombo ukitoka Bukavu, na kwa ile ya Lubutu ukitoka Kisangani. Vita vikisogea, muzigo unalala njiani juma mbili, ao mwezi. Kwa hiyo mukubaliane mapema, kwa maandishi ya WhatsApp na siyo kwa vokale peke yake: muzigo ukipotea, hasara ni ya nani? Malipo kwenye barrière ni ya nani? Motari ao shofere anaitwa nani, na nimero ya gari ni gani? Njia nzuri kuliko zote ni kulipa wakati kitu kinapofika. Muuzaji akikataa, lipeni usafiri mbele na bei ya kitu nyuma. Hapo kila mumoja ana kitu cha kupoteza.

Ukiwa muuzaji

Huku ndiko wakulima wetu wanaumizwa zaidi. Mununuzi anakutumia mesaji inayosema pesa imeingia, ao picha ya ekran yake, na motari tayari yuko mbele ya nyumba anataka kupakia. Mesaji inaweza kuandikwa na mutu yeyote. Angalia imetoka wapi: ya mutandao inakuja kwa jina la huduma, ya mudanganyifu inatoka mara nyingi kwenye nimero ya kawaida. Lakini usiishie hapo. Fungua akonti yako, soma solde. Kama solde haijaongezeka, gunia halitoki, hata motari apige kelele namna gani.

Kuna pia yule anayepiga simu: « Papa, nimekosea, nimekutumia pesa yako na ya mutu mwingine, nirudishie. » Tena solde kwanza. Na mwenye kukuomba kodi ya siri, hata akisema yeye ni wa mutandao, kata simu. Mutandao hauhitaji kodi yako.

Usiandike ndani ya grupu kwamba una magunia ishirini, uko karibu na kanisa fulani, na unangoja pesa kesho saa nne. Katika maeneo yetu hiyo siyo tangazo tu, ni mwaliko kwa wenye bunduki. Weka picha na bei, mengine muongee pembeni.

Ng'ombe wanahitaji neno lao. Wameporwa wengi Masisi katika vita hivi vyote. Ukiona ng'ombe kwa bei ya mbuzi, na muuzaji hawezi kukuonyesha mwenye malisho ao chifu anayemujua, mwache. Mwenyewe anaweza kumutambua siku moja, na mwenye kuulizwa utakuwa wewe. Dhahabu na kasiterite, sitaki hata kuingia kwa urefu: mwenye kununua kwa wachimbaji lazima awe na karte ya negosia, na zile picha za dhahabu ya bei ndogo kwenye Facebook ni mutego wa zamani.

Kama umeliwa

Piga kwa huduma ya mutandao pale pale, ao kimbia kwa ajanse yao na nimero ya operasyo. Ikiwa mwizi hajatoa pesa bado, inawezekana izuiliwe. Usifute mesaji hata moja. Eskrokeri inaazibiwa na kifungu cha 98 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa, na tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia Kode ya Numeriki inayohusu biashara ya intaneti. Mashitaka yanapelekwa kwa OPJ ao parke, pale ambapo wanafanya kazi.

Mujulishe pia mwenye grupu ili aondoe ile nimero. Lakini usitupe jina na picha ya mutu ndani ya grupu kumi ukisema ndiye mwizi. Karte SIM nyingi zimeandikwa kwa jina la mwingine, na jina lililotokea wakati ulipotuma pesa linaweza kuwa la mama wa kijiji ambaye hajui lolote.