Kani na Kanuni za Mwendo

Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukitendea kingine. Kani yaweza kukiondoa kitu mahali kilipotulia, kukiongezea kasi au kukipunguzia, kukigeuza njia, au kukibadili umbo. Hupimwa kwa nyutoni, kipimo kilichopewa jina la Isaac Newton, Mwingereza aliyechapisha kanuni tatu za mwendo mwaka 1687.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ina kifaa cha kufundishia somo hili kinachovishinda vigari vya maabara: malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka, Mbinga, na kupita hapo kuelekea bandari ya Mtwara, zaidi ya kilomita 600.

Kwa kanuni ya kwanza, kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari mnyoofu, hadi kani isiyo na mpinzani wa kutosha ikiingilie. Wafuasi wa mwanafalsafa Aristotle waliamini kwa karne nyingi kwamba pasipo msukumo hapana mwendo. Wanafunzi wengi huingia darasani na imani hiyohiyo, wala hawalaumiki, maana baiskeli isiyopigwa pedali husimama. Lakini kinachoisimamisha ni msuguano na hewa. Abiria aliyesimama ndani ya basi dogo la Coaster huyumba mbele dereva akikanyaga breki ghafla, ingawa hakuna aliyemsukuma: gari limepunguza mwendo, mwili wake bado unaendelea na ule wa awali.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hesabu: kani ya jumla ni sawa na tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo katika kitu, mara mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi yake. Tungamo si uzito. Gunia la mahindi la kilo 100 lina tungamo la kilo 100. Uzito wake ni kani ambayo Dunia hulivuta nayo, kiasi cha nyutoni 980.

Chukua lori la tani 50 likienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Ili lisimame ndani ya sekunde 10 kwenye barabara tambarare, linahitaji kani ya nyutoni 100,000, na litakuwa limekula mita 100 za lami. Bodaboda yenye kilo 250 pamoja na watu wake, kwa kasi na muda uleule, inahitaji nyutoni 500 tu. Sasa lipeleke lori kwenye mteremko unaoshuka mita 6 kwa kila mita 100. Uzito wake wenyewe unalivuta kuteremka kwa karibu nyutoni 29,400. Breki zilezile, kwa nguvu ileile, zitalisimamisha baada ya mita 142 hivi. Na hapo ni kama hazijapata moto. Zikikanyagwa mfululizo huchemka, msuguano hupungua, na ndipo husikika kwamba gari limefeli breki. Ndiyo sababu dereva mzoefu huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko.

Kanuni ya tatu husema kila kani ina mwenzake, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa uelekeo. Tairi huisukuma barabara nyuma, barabara nayo hulisukuma tairi mbele. Kwenye njia za udongo wakati wa mvua msuguano hukosekana, tairi likazunguka bure, na watu wakakata matawi kulitilia. Swali la kawaida darasani ni kwa nini kani hizo mbili hazifutani. Hazifutani kwa sababu kila moja hutenda juu ya kitu tofauti: moja juu ya barabara, nyingine juu ya tairi.

Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba kanuni hizi hupungukiwa pale kasi ya kitu inapoikaribia ile ya mwanga, yaani takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa chochote kinachopita barabara ya Songea hadi Mbinga, za Newton zinatosha.