Leiomodini

Leiomodini ni jamii ya protini zinazoanzisha ujenzi wa nyuzi za aktini ndani ya seli. Kwa muda mrefu zilitajwa zaidi katika habari za misuli: leiomodini-1 katika misuli laini, kama ile ya kuta za mishipa ya damu, na leiomodini-2 katika moyo. Mwaka 2017 leiomodini-1 ilielezwa kuwa imo pia katika seli za neva za ubongo. Kilichowafikisha watafiti huko ni ugonjwa wa watoto unaojulikana Mahenge, kusini mwa Tanzania, na katika Uganda ya kaskazini.

Aktini yenyewe ilitambuliwa na Brunó Straub mwaka 1942 katika maabara ya Albert Szent-Györgyi, mjini Szeged, Hungaria. Punje zake huungana zikawa uzi wenye upana wa nanomita 7 hivi, mfano wa tungo mbili za shanga zilizosokotwa pamoja. Kazi ngumu ni kuanza. Punje mbili zikikutana huachana upesi. Zikipata ya tatu, uzi hushika na kurefuka. Leiomodini huzikusanya punje hizo za mwanzo na kuzishikilia pamoja. Kuna waanzishaji wengine. Arp2/3, mkusanyiko wa protini saba, hukaa juu ya uzi uliopo na kuchipusha tawi kwa pembe ya digrii 70 hivi. Formini hutoa nyuzi zilizonyooka. Profilini huleta punje mpya, kofilini hukata nyuzi zilizozeeka, na juu yao zipo protini za ukoo wa Rho, zinazoamua kazi ifanyike wapi na lini.

Seli ya neva hutegemea sana mpangilio huu. Ncha ya aksoni inayokua hutafuta njia kwa kusukumwa na aktini. Aksoni iliyokomaa ina pete za aktini zilizotenganishwa na spektrini kwa nanomita 190 hivi, jambo lililogunduliwa mwaka 2013. Vijitokezo vya dendriti, ambako seli moja hupokea ujumbe wa nyingine, hunenepa au kusinyaa aktini inapojengwa au kubomolewa, na sehemu kubwa ya kujifunza na kukumbuka hufanyika hapo.

Ule ugonjwa wa watoto ulielezwa Mahenge na daktari wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wenyeji husema mtoto amesinzia kichwa. Mtoto aliyekuwa mzima amekaa mbele ya sahani ya ugali. Ghafla kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika, na tonge linabaki mkononi. Baridi nayo huweza kuamsha kusinzia huko. Wengi hupata baadaye degedege kamili, akili hudumaa na shule hukoma.

Maeneo yenye ugonjwa huu ni yale yenye usubi, maradhi ya mnyoo Onchocerca volvulus anayeenezwa na inzi weusi wa kwenye mito iendayo kasi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walikuta kingamwili dhidi ya leiomodini-1 kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa Uganda waliopimwa, lakini pia kwa karibu theluthi ya wanakijiji wasiougua. Kingamwili hizo zilidhuru seli za neva maabarani, nazo ziliitambua pia tropomiosini ya mnyoo, protini nyingine inayoshikamana na aktini. Katika ubongo wa panya, leiomodini-1 ilionekana kwenye hipokampasi na serebela, sehemu zinazoelekea kuathirika kwa wagonjwa. Dhana ikawa kwamba mwili, ukipigana na mnyoo, hujeruhi neva zake wenyewe.

Dhana hiyo ina uzito, ila haijathibitishwa. Leiomodini hukaa ndani ya seli, mahali ambapo kingamwili hazifiki kwa urahisi, na tafiti zilizofuata hazikuona tofauti ileile kila mahali. Uhusiano wa ugonjwa na mnyoo ndio ulio imara zaidi. Kaskazini mwa Uganda, baada ya ivermectin, dawa dhidi ya mnyoo huyo, kugawiwa mara mbili kwa mwaka na mito kunyunyiziwa dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi, visa vipya vilikoma kuripotiwa. Mahenge, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kifafa kingali kingi hata baada ya miaka 20 ya kingatiba; kugawa dawa kwa jina tu hakutoshi, lazima imezwe na walengwa wote.

Ivermectin haigawiwi kwa ajili ya usubi peke yake. Wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wanaifahamu pia, kwa kuwa imegawiwa huko pamoja na albendazole kukinga matende na ngirimaji, na fimbo ya kupimia urefu inayoamua idadi ya vidonge ni ileile ya Mahenge. Kifafa nacho hakichagui wilaya. Povu la mgonjwa haliambukizi. Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na mtoto anayesinzia kichwa apelekwe zahanati mapema, kwani dawa za kifafa hupunguza mashambulizi na humwezesha kurudi darasani.