Uoanishaji wa Aina za Data

Uoanishaji wa aina za data ni utaratibu unaoamua thamani iliyomo katika programu itahifadhiwa kwa aina gani ndani ya kanzidata, na itarudi na umbo gani ikisomwa tena. Maktaba za programu zinazounganisha pande hizo mbili huja na chaguo-msingi, yaani uamuzi unaotumika pale ambapo mtengenezaji hakutaja aina, na kwa kuwa uamuzi huo hutazama sura ya thamani badala ya kazi yake, hauna budi kupimwa kwa data halisi.

Namba ya kitambulisho inayotolewa na NIDA nchini Tanzania ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, ilhali namba kamili ya biti 64 hukomea 9,223,372,036,854,775,807, yenye tarakimu 19. Ikiwekwa katika namba za nukta inayohama, ambazo huhifadhiwa kwa kukadiria, tarakimu zake za mwisho huharibika. Namba ya simu nayo, ikifanywa namba kamili, hupoteza sifuri ya mwanzo. Hivyo kisichojumlishwa wala kuzidishwa ni matini, hata kikiandikwa kwa tarakimu tupu.

Fedha na vipimo, kama bei na kilo za samaki katika soko la Bagamoyo, hufaa aina ya desimali kamili, kwa sababu kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 na sehemu kama 0.1 haiandikiki humo bila salio. Namba kamili ya biti 32, inayokomea 2,147,483,647, haitoshi kwa shilingi za bajeti ya halmashauri.

Kwa upande wa wakati, aina ya TIMESTAMP ya MySQL huanzia 1970 na kuishia 2038, kwa hiyo rejista ya majengo ya kale ya Bagamoyo haiwezi kuingiza humo mwaka 1868, ilipoanzishwa misheni ya Kikatoliki, bali huhitaji aina ya tarehe tupu. Saa moja asubuhi ya wenyeji huandikwa 07:00, pamoja na kutajwa kwamba Tanzania iko saa tatu mbele ya wakati wa dunia, UTC.

Penye shaka, hupendekezwa aina inayoikataa thamani waziwazi kuliko inayoipunguza kimyakimya, kwani iliyokataliwa husahihishwa siku hiyohiyo.