Watazamaji na Hukumu Yao katika Ngoma za Usukuma

Mtu aliyezoea michezo ya mjini, ambako mtazamaji hununua tikiti, huketi mahali alipopangiwa na kupiga makofi mwishoni, atastaajabu siku ya kwanza atakapohudhuria mashindano ya ngoma katika nchi ya Wasukuma. Hatakuta kiti wala tikiti. Atakuta uwanda mpana, mavuno yamekwisha kuingia nyumbani, vumbi limesimama hewani, na ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, moja upande huu na nyingine upande ule, kila moja ikijitahidi kuifunika sauti ya mwenzake. Watu wako katikati. Wengine wanakwenda, wengine wanarudi. Hapana mwamuzi mwenye karatasi wala kengele. Jua likielekea kutua, ngoma iliyozungukwa na watu wengi ndiyo iliyoshinda, na ile iliyobaki na jamaa zake na watoto wachache imeshindwa, na kila mtu anajua hivyo pasipo kutangaziwa.

Desturi hii imetazamwa mara nyingi kwa upande wa wachezaji. Katika makala haya nataka kuitazama kwa upande wa watazamaji, maana wao ndio mahakama, na mahakama yoyote ina historia yake. Tena iko sababu nyingine inayonisukuma. Tangu mashine za kunasa sauti na picha zilipofika Usukuma, ngoma zilizokwisha kuchezwa zinaweza kusikilizwa tena na watu ambao hawakuwapo, nao hutoa hukumu zao bila kusita. Je, wanachokihukumu ni kitu kile kile?

Chanzo cha mashindano haya chasimuliwa hivi. Katika karne ya 19 walikuwako waganga wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa mabingwa wa ngoma na wa dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wa Gumha wakaitwa Bagalu, na tangu hapo ngoma nyingi za Usukuma zikagawanyika baina ya pande hizo mbili. Kila upande husimulia ushindani wa wakubwa hao kwa namna inayompa sifa mkubwa wake, nasi hatuna haja ya kuwaamua. Lililo kubwa kwetu ni kwamba walishindana kwa ngoma na dawa pamoja, wala hawakuona mpaka kati ya vitu hivyo. Dawa ya kuvuta watu iliitwa samba. Mtu asiye mwenyeji hucheka asikiapo kwamba kiongozi wa ngoma hutafuta dawa ili apendwe na umati. Lakini afikiri kidogo. Wasukuma walikwisha kuona kwamba ngoma nzuri peke yake haitoshi, kwamba kuna siku mchezaji hodari huachwa peke yake na mchezaji wa wastani akajaza uwanja, na jambo hilo lilihitaji maelezo. Samba ndiyo maelezo yao. Wataalamu wa miji mikubwa nao wana maneno yao ya kueleza kwa nini watu humpenda mwimbaji mmoja wakamwacha mwingine, na sioni kama maneno hayo hufafanua zaidi.

Tukilinganisha na pwani tutaona tofauti. Beni za Dar es Salaam na za bara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilikuwa na pande mbili pia, Marini na Arinoti, na Terence Ranger alizieleza kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Tanga baadaye ikawa na Black Star na Lucky Star katika taarabu. Huko shabiki alikuwa wa chama chake, akashona sare yake, akakitetea hata kiliposhindwa. Usukuma nako wamo wafuasi wa namna hiyo, na pengine familia nzima ni ya Bagalu au ya Bagika. Walakini hukumu haikuachwa mikononi mwao. Iliachwa kwa yule wa katikati, aliyekuja sokoni au aliyetembelea jamaa zake, ambaye miguu yake haikuwa na mkataba na mtu.

Ndiyo maana kila kilichobuniwa katika ngoma hizi kilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo. Kiongozi wa ngoma, ambaye Wasukuma humwita ningi na Kiswahili humjua kwa jina la manju, hana budi kuja na maneno mapya. Atajisifu, atamfumba mpinzani wake, atagusa habari za mwaka ule, bei ya pamba, mvua, mambo ya wakubwa. Mtu akisikia jirani zake wanacheka kwa fumbo asilolielewa, atasogea karibu. Na ikiwa maneno hayamvuti, macho yatamvuta. Katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa shambani, wachezaji huinama na kuinuka kwa pamoja na majembe mikononi, kisha majembe yakarushwa juu na kudakwa, na ole wake atakayekosa kulidaka mbele ya macho ya wapinzani. Chama cha mafundi wa nyoka walileta chatu uwanjani. Mafundi hao walikuwa na michoro yao ya siri kwenye kuta za nyumba walimokutania, michoro ambayo Hans Cory aliitolea kitabu mwaka 1953. Wengine walileta sanamu za mti zenye mikono inayochezeshwa, zikatokea ghafla juu ya vichwa vya watu pale ambapo upande wa pili ulikuwa umeanza kushika umati. Baadhi ya sanamu hizo sasa ziko katika makumbusho ya Ulaya, zimesimama wima ndani ya vioo, na wanaozitazama husifu uso na umbo. Fundi aliyezichonga hakuzikusudia zisimame. Alikusudia zitokee, watu wapige kelele, na uwanja wa jirani upungukiwe.

Umati nao haukubaki vile vile. Msimu wa ngoma ulikuwa baada ya mavuno, tangu mwezi wa Juni na kuendelea, na pamba ilipoenea msimu huo ukawa pia msimu wa fedha. Vyama vya wakulima vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Victoria viliuza pamba ya mamia ya maelfu ya watu, na mtu mwenye fedha mfukoni aweza kutembea mbali kwenda kutazama ngoma. Kadhalika mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulikusudia kupunguza msongamano wa watu na ng'ombe, na wakulima wengi wakahamia Geita kufungua mashamba mapya. Walihama na majembe yao na ngoma zao pia. Huko walikuta dhahabu ikichimbwa. Mgodi wa Geita uliendelea hadi mwaka 1966, ukafungwa, ukafunguliwa tena kwa namna mpya mwaka 2000. Na upande wa Shinyanga, Mwadui ya John Williamson ilikuwa ikichimba almasi tangu mwaka 1940. Migodi ilikusanya watu wa makabila mengi. Nami naona, ingawa sijui mwingine aliyelisema, kwamba mabadiliko haya yalibadili hukumu yenyewe. Mchimbaji asiyejua Kisukuma hawezi kuhukumu fumbo la manju. Yeye huhukumu kwa macho. Umati ukijaa watu wa namna hiyo, chatu na jembe lililorushwa vitashinda shairi, na manju mwenye ulimi mzuri na wachezaji dhaifu atasimama peke yake akiwaimbia jamaa zake.

Sasa tuje kwenye mashine. Mwaka 1950 Hugh Tracey alisafiri Tanganyika akinasa muziki wa makabila mengi, Wasukuma wakiwamo, na kazi yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Hapana mtu wa haki atakayeidharau kazi hiyo. Lakini santuri ya siku zile ilichukua muda wa dakika tatu hivi, na ngoma ya Usukuma huchezwa mchana kutwa. Tena Tracey alikuwa fundi makini: aliwapanga wanamuziki, akakisogeza kinasa sauti kwa mkono wake kutoka kwa mwimbaji hadi kwa chombo, akapenda sauti iwe safi. Usafi huo una gharama yake. Ili mwimbaji asikike vizuri, watu wengine hawana budi kunyamaza, na wapinzani hawana budi kuwa mbali. Tukumbuke jinsi jambo hili linavyopingana na mgodi. Mgodi ulileta watazamaji wenye macho wasio na lugha. Santuri ikaleta wasikilizaji wenye maneno wasio na macho.

Njia nyingine ya kuhifadhi ilikuwa ya Bujora, karibu na Mwanza, ambako padri Mkanada, David Clement, alianza kazi yake katika miaka ya 1950, na makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Yeye hakuhifadhi vyombo peke yake, alihifadhi na ushindani wenyewe. Katika sikukuu ya Bulabo, inayofanyika mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu hukutana, na umati huachiwa kazi yake ya zamani. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la busara kupita majengo yote. Vikundi vya taifa vilivyoundwa baada ya Uhuru viliichukua bugobogobo pia, vikaipeleka jukwaani na ng'ambo, ikapata sifa kubwa. Ila pale jukwaani ilicheza peke yake kwa dakika chache, na waliotazama hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Naye Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300 pamoja na maelezo ya watu waliozijua, na kwa mtafiti wa maneno ya manju kitabu hicho ni hazina.

Nimefika mahali ambapo lazima nisimulie niliyoyaona mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha Kishapu nilikaa na wazee watano chini ya mwembe, tukisikiliza kanda iliyonaswa kwa redio ya kaseti mwaka 1978 na mtu aliyekuwa karani wa pamba. Kanda ilikuwa mbovu. Nilikuwa pia nimechukua nyimbo za zamani zilizonaswa kwa ustadi, zikasikilizwa kwanza. Wazee walizisifu kwa heshima, wakanieleza maneno machache yaliyoachwa kutumika, mmoja akasema sauti ile ni nzuri lakini haifundishi nani aliyekuwa hodari. Nikamwuliza, "Mzee wangu, kwani humsikii?" Akanijibu, "Namsikia. Wale waliomwacha siwasikii."

Kijana mmoja mjukuu wake alikuwa na simu, akatuonyesha ngoma za siku hizi, zilizopigwa picha Geita na Kahama kwa ajili ya kuuzwa na kuenezwa katika mtandao: mwimbaji mbele, wachezaji wa sare nyuma yake katika mistari miwili, hapana umati. Wazee wakasema hawa si kitu, zamani ndizo ngoma. Kijana akabisha kwa adabu, akaonyesha tarakimu chini ya picha, kwamba wimbo ule umetazamwa na watu maelfu kwa maelfu. Ugomvi ukawaka kidogo. Nami niliona kwamba kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Wazee walikuwa wakilinganisha siku nzima ya uwanjani, pamoja na ujana wao, na dakika nne za simu. Hakuna ngoma iwezayo kushinda katika mizani hiyo. Tena mimi mwenyewe nimekwisha kusikia nyimbo za zamani zilizosifiwa sana ambazo, kanda ilipopatikana, zilikuwa za kawaida tu, na kwa jambo hilo kanda ni shahidi mwema anayezuia kumbukumbu isijitukuze. Lakini kijana naye alidhani tarakimu ni umati. Anayetazama simu hamwachi mtu mwingine mbele ya macho yake akabaki peke yake katika vumbi. Na manju hajui ni lini walikwenda, wala kwa neno gani.

Ndipo tukaweka ile kanda mbovu ya karani. Ngoma ilisikika kwa kishindo, mwimbaji akasikika kwa mbali kama mtu aliye ndani ya gunia, watu wakicheka na kuitana majina, mtoto akilia. Kama ningekuwa mwenye kuhifadhi kanda ningeziondoa kelele hizo. Kisha, baada ya dakika kumi hivi, vicheko vikaanza kupungua, na nyuma yake ikasikika ngoma ya pili, ndogo, ya mwendo mwingine, ambayo ilikuwa ikipigwa tangu mwanzo lakini ilikuwa imefunikwa na watu. Wazee wote watano waliinua vichwa kwa pamoja. Mmoja akataja jina la manju wa upande ule. Wakaniomba nirudishe kanda nyuma, nikairudisha, wakasikiliza tena mahali pale pale watu walipoanza kuondoka. Na hapo ndipo walipoanza kubishana kwa dhati, kama fumbo lile lilikuwa limerudiwa mara moja kupita kiasi, au kama ni upande wa pili uliokuwa umeleta chatu.