Aliyezileta Mbegu za Kwinini

Wasomaji wetu wengi waijua kwinini kwa uchungu wake, na kwa uvumi unaobaki masikioni mtu akiisha kuimeza. Lakini habari za mtu aliyezikusanya mbegu za mti wake ni wachache waliopata kuzisikia, nasi twaona si haki zipotee.

Mkwinini asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadre Wajesuiti walipeleka magome yake Ulaya, yakasagwa na kunywewa kwa homa. (Hadithi ya mke wa liwali wa Peru aliyeponywa nayo yapendwa sana, ila wachunguzi wameona si kweli.) Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika magome ile dawa yenyewe. Vijidudu vya malaria hula damu yetu. Katika kuila hutokea sumu, navyo huigeuza isividhuru. Kwinini huvizuia kuigeuza, basi vikafa kwa chakula chao wenyewe.

Manuel Incra Mamani alikuwa Mwaimara wa Bolivia, mtumishi wa Charles Ledger, mfanya biashara Mwingereza. Msituni alijua kuutambua mti bora miongoni mwa mingi inayofanana. Ledger alisimulia kwamba Mamani alingoja miaka minne, kwa kuwa baridi kali iliharibu maua kila mwaka, ndipo mwaka 1865 akamletea mbegu. Serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi wakanunua ratili moja hivi, wakazipanda Java. Miti ile ikawa na dawa nyingi kuliko yote iliyotangulia, hata kabla ya Wajapani kuitwaa Java mwaka 1942, kwinini karibu yote ya dunia ilitoka huko. Kwetu nako mikwinini ilipandwa Amani, Usambara, zamani za Wajerumani. Nao walipozuiliwa baharini katika vita vya 1914–1918, walijitengenezea dawa kwa magome ya Usambara.

Mti wa Java wataalamu waliuita kwa jina la Ledger, na uzeeni Waholanzi wakampa pensheni. Mamani alikuwa amekwisha kufa siku nyingi. Alipokwenda tena kutafuta mbegu alikamatwa, akafungwa, akapigwa ili amtaje aliyemtuma. Hakumtaja. Walipomfungua hakuishi sana.