Shura, Naitrojeni na Mchu

Neno naitrojeni limezoeleka katika vitabu vyetu vya sayansi hata ni wachache waulizao lilikotoka. Mwaka 1787 wanakemia wa Ufaransa, Lavoisier akiwa mmoja wao, waliiita gesi hiyo azote, kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kukosa uhai. Kwani mnyama aliyefungiwa ndani yake hufa. Mwaka 1790 Mfaransa mwenzao, Chaptal, alipendekeza nitrogène, yaani kizaacho nitri. Na nitri ndiyo shura, chumvi ya kutengenezea baruti. Wafaransa wameshikilia azote hadi leo. Sisi tulipokea jina la pili kwa njia ya Kiingereza.

Twaona kwamba bahati ilitupendelea. Mfasiri aelezaye maisha ya mchu angetatizwa na jina likanalo uhai. Mti huu wa jamii ya mikoko (jina lake la kitaalamu, Avicennia, lamkumbuka tabibu Ibn Sina) huota katika tope la bahari na hutoa chumvi kwa tezi za majani. Sehemu ya chumvi inayobaki huwekwa katika vakuoli za seli. Saitoplazimu, penye vimeng'enya vingi, isipokingwa itanyonywa maji. Hivyo mti huunda humo glisini-betaini, ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya naitrojeni. Hapo pana gharama, kwa kuwa naitrojeni hiyo ingeweza kujenga protini za majani mapya. Tena kuipata si rahisi: kloridi hushindana na naitreti katika kuingia mizizini, na sodiamu nayo huweza kutatiza ufyonzaji wa amonia.

Jina betaini latokana na Beta, jina la kitaalamu la kiazi cha sukari, ambamo ilitambuliwa katika karne ya 19. Asili ya kiazi hicho ni mmea wa mwituni wa pwani za Ulaya.

Kwa hiyo hatuafiki tafsiri "mmea upendao chumvi". Ni kweli kwamba mchu hukua vizuri zaidi penye chumvi kiasi kuliko katika maji matamu. Lakini chumvi ikizidi, hudumaa. Kustahimili kuna gharama ndani yake, kupenda hakuna. Yafaa tuseme "mmea mstahimili chumvi". Na pale panapotakiwa umetaboli wa naitrojeni, tusiandike "mmeng'enyo", neno ambalo mwalimu amekwisha kulifundisha kwa kazi ya tumbo. Mchu hauna tumbo.