Ngumi kwa Reli, Judo kwa Njia ya Wakimbizi

Mpambano wa MMA, yaani mchanganyiko wa sanaa za mapigano, hupitia hatua tatu: kupigana kwa umbali, kushikana, na kumalizana chini. Ukizifuatilia hatua hizo kutoka Kigoma, mwisho wa reli na mwanzo wa ziwa, utaona kila moja ina historia yake. Masumbwi ya ulingoni yalitoka pwani. Judo ilishamiri ng'ambo, Burundi na Kongo. Ile ya tatu, ya kabali na kukunja viungo, ilikwenda kuivia Brazil.

Kushikana kwenyewe hakuna mgeni aliyekuleta. Watoto wa Ujiji hawakumngoja Mjapani ili wajue kupigana mtama na ngwala mchangani. Kilichokuja kutoka nje ni sheria, madaraja ya uzito, mwamuzi na medali.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini umaarufu wa ngumi za Tanzania haukusafiri nayo hadi ziwani. Titus Simba alipata fedha Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970; Michael Yombayomba akatwaa dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimpiga Sam Eggington katika raundi ya pili, tena kwao Uingereza, mjini Birmingham. Karate nayo ilishika kasi miaka ya 1970, enzi za filamu za Bruce Lee, na jijini Dar es Salaam Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha mtindo wa Goju-ryu katika Shule ya Zanaki. Hayo yote ni habari za mashariki ya nchi. Sisi wa magharibi, nadhani, tunakosea tukiendelea kutazama huko peke yake.

Tazama upande wa pili. Judo, iliyoasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882, inapendwa sana katika nchi zinazotumia Kifaransa, na Burundi na Kongo zimo. Judo haina konde. Unamshika mwenzio koti, unamvuta hadi mizani yake ivunjike, kisha unaingiza nyonga au mguu na kumbwaga mgongoni. Akianguka sawasawa, pambano limekwisha. Asipoanguka sawasawa, mnaendelea chini kwa kumgandamiza, kumkaba au kumkunja kiwiko.

Mfano ni Mkongo Popole Misenga, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1992, kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mtoto. Akapelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia pamoja na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Wote wawili wakabaki huko na kuomba hifadhi. Michezo ya Olimpiki ilipofika Rio mwaka 2016, waliingia na timu ya kwanza ya wakimbizi, watu kumi tu. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na Mkorea. Tanzania nayo ilikuwa na mcheza judo kwenye michezo hiyo, Andrew Thomas Mlugu, aliyebeba bendera ya taifa.

Rio si mji wa kawaida katika habari hizi. Mwanafunzi wa Kano, Mitsuyo Maeda, alihamia Brazil na kumfundisha Carlos Gracie mjini Belém; baadaye ndugu wa Gracie walifungua chuo chao Rio, wakaichukua ile sehemu ya chini ya judo na kuifanya sanaa kamili. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie, mwembamba kuliko wengi waliokuwapo, aliwamaliza wapinzani watatu usiku mmoja katika shindano lililochanganya mitindo ya mapigano, akiwamo bondia aliyepanda na glovu moja mkononi. Hapo ndipo mabondia walipotambua kwamba konde halisaidii sana ukiwa umelazwa chali. Tangu siku hiyo mpiganaji asiyejua kuzuia kuangushwa hana maisha marefu ulingoni.

Kigoma nayo imo katika njia ya wakimbizi kama ile ya Misenga. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, na MV Liemba, ile meli ya Wajerumani ya mwaka 1915, ikawaleta Kigoma mjini.

Mwaka huohuo Mrundi mwingine, Parfait Hakizimana, alikimbilia Rwanda. Mkono wake mmoja ulilemaa utotoni, katika shambulio lililomuua mama yake. Katika kambi ya Mahama alianza kuwafundisha wakimbizi wenzake taekwondo, na mwaka 2021 akashindana kwenye Paralimpiki ya Tokyo, mwanamichezo wa kwanza kufika huko akiwa bado anaishi kambini. Katika taekwondo ya Paralimpiki ngumi haihesabiwi, na teke la kichwani limekatazwa. Pointi hutokana na teke la kiwiliwili.